Gari Halikuzima kwa Sababu Yako

Mwanangu Domitila,

Salamu tumeshapeana asubuhi, na mchana uliporudi kuchukua kitana ukanipa shikamoo nyingine, kwa hiyo nikianza tena hapa utasema mama ameanza kuzeeka. Umekwenda kusukwa kwa Mama Editha na najua hamtamaliza kabla ya magharibi, maana pale kwake maneno ni mengi kuliko nywele. Nimekaa barazani, daftari liko pajani, na gari liko mbele yangu boneti likiwa wazi. Nimetoka kulisafisha sasa hivi. Ukiona karatasi hii ina alama ya kidole cheusi, usishangae.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za chandarua. Wewe ni muuguzi mkunga, hayo utanifundisha wewe. Habari za wanaume wa Nyabibuye, huko unakohamia kikazi, nazo nimezisema za kutosha, ulikuwa unatazama simu na kuitikia "eeh, Mama" mahali pasipo pake. Nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka minne, na wiki hii nimejaribu kulisema kwa mdomo mara tatu. Mara ya kwanza Mama Editha akaingia. Mara ya pili nikafungua mdomo nikajikuta nakuuliza kama umepakia soksi. Mara ya tatu niliogopa tu, sina kisingizio. Ndiyo maana naandika, na nitaiweka barua hii juu ya mto wako uisome kabla hujalala.

Juzi nilipokuambia kwamba gari ni lako, uende nalo kazini, ulisema, "Baki nalo tu, Mama. Mimi na gari hili hatupatani, litazima njiani." Ulikuwa unacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu najua hayo maneno uliyatoa wapi. Uliyatoa kwangu.

Acha nianze mbali kidogo, nawe univumilie.

Baba yako alipofariki alituachia nyumba isiyopigwa plasta na gari hili. Watu walinishauri niliuze. Nikakataa, nikajifunza kuendesha, nikaliingiza barabarani kuwa mchomoko, nikawa nabeba abiria kati ya Kibondo na Kasulu pamoja na wenzangu wenye vigari vidogo kama hiki. Pale stendi nilikuwa mwanamke peke yangu. Siku ya kwanza watu walikuja kuangalia kana kwamba kuna ngoma. Baba mmoja aliketi kiti cha mbele, akaniona nashika usukani, akashuka akisema amesahau kitu nyumbani. Nadhani bado anakitafuta.

Nakwambia hivyo ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani siku zile. Niliamua kwamba hakuna atakayenisikia nikisema sijui. Dereva mwanamume gari likimzimikia, watu wanasema gari ni bovu. Mimi likinizimikia, watu wangesema dereva ni mwanamke. Basi kila kitu nilijifanya nakijua, na hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Gari likaanza kukosa sailensa. Ulipotoka chuo ulinisahihisha, ukasema kwa Kiingereza sailensa ni kitu kingine kabisa, kipo kwenye bomba la moshi. Sawa, mwalimu. Lakini huku kwetu fundi akitaja sailensa anataka kusema ule mngurumo mdogo wa gari likiwa limesimama na mguu wako haupo kwenye mafuta. Gari lenye sailensa nzuri linatulia. Langu lilikuwa linatetemeka, linashuka, linashuka, kisha kimya. Nikilisimamisha kupakia abiria linazima, nikiliwasha linazima tena.

Nilimpelekea fundi mmoja wa mjini. Alichukua bisibisi, akazungusha parafujo ndogo, sailensa ikapanda. "Tayari, Mama Domi." Baada ya wiki kadhaa likaanza tena, akazungusha tena. Tukaenda hivyo zaidi ya mwaka, mimi na yeye na ile parafujo. Hakufungua bomba la hewa hata siku moja aangalie ndani, na mimi sikumwomba, maana kumwomba kungekuwa kuuliza, na kuuliza kungeonyesha sijui.

Sasa ndipo unapoingia wewe. Ulikuwa kidato cha pili kule Kasulu, unakaa hosteli, na Jumamosi ukipata ruhusa unakuja nyumbani. Jumatatu nilikuwa nakurudisha kwa safari yangu ya kwanza. Tulitoka mapema kuliko siku nyingine zote ili uwahi kengele, na unaijua baridi ya Kibondo mwezi wa sita, ukungu umelala barabarani, huoni hata ng'ombe aliye mbele yako. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuingia garini, tena kwa mbio, ili ukae mbele. Na kila Jumatatu gari lilizima.

Nililalamika stendi. Mzee Shabani alikuwepo, yule mwenye duka la vitenge na magari mawili, ambaye watu wake ni wa Ujiji na wengine wako pwani huko. Unajua tunavyomheshimu. Aliniita pembeni akasema kwa sauti ya chini, "Mama Domi, usichukulie mzaha. Nani anafungua mlango wako asubuhi?"

"Ni mwanangu."

"Na siku asipokuwepo?"

Nikafikiri. Nikasema siku nyingine linakuwa na nafuu.

"Basi nimemaliza," akasema. "Mimi hata dukani siruhusu kila mguu ukanyage kwanza. Wallahi, kuna mtu akianza kuingia, siku nzima hununui wala huuzi."

Nataka ujue kwamba sikumjibu uwongo kwa makusudi. Siku nyingine lilizima pia, Domi. Lilizima Jumatano, lilizima Ijumaa, lilinizimikia siku ya mazishi ya mwalimu wetu wa kwaya, na wewe ulikuwa darasani Kasulu. Lakini hizo sikuziweka akilini. Nilikuwa nimeshapata jibu, na ukishapata jibu unaona yale yanayolifaa tu.

Ndipo nikaanza kukuambia utangulie kwa miguu hadi njia panda, nitakukuta. Nilisema ni ili nipange mizigo vizuri. Hapakuwa na mizigo yoyote. Nilikuwa natafuta mtu mwingine aingie kabla yako. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, unatembea kwenye ukungu na begi lako, na mimi nakupita polepole na abiria wawili nyuma ndipo nasimama nikuchukue. Hukuuliza chochote. Nilijiambia hujui. Mtoto wa miaka kumi na mitano hajui? Mimi ndiye nilikuwa sijui.

Halafu ikaja ile asubuhi ya Busunzu, njiani kwenda Kasulu. Sitaizungusha. Ulikuwa kiti cha nyuma, katikati ya mama mmoja aliyekuwa amepakata mtoto na kijana mwenye gunia la maharage. Nikasimama kumpakia baba mmoja, gari likazima. Nikawasha, likazima. Nikawasha tena, nikakanyaga mafuta hadi watu wa kibandani wakageuka, likazima. Yule baba akachungulia dirishani akauliza, "Dereva, unaweza kweli hii kazi?"

Nilisikia uso unawaka. Nikageuka nyuma nikakunyooshea kidole mbele ya wote, nikasema, "Huyu mtoto ana umwaku. Nilijua tu."

Kwa Kiswahili wanasema mkosi, lakini mimi sikulisema kwa Kiswahili. Nililisema kwa Kiha, neno ambalo bibi yako alikuwa hataki hata litajwe ndani ya nyumba, na nikalisema kwa sauti ya mtu anayejua. Ulinitazama. Kisha ukamwomba yule mama akupishe, ukashuka, ukavuta begi lako. Ukasema kwa adabu, "Nendeni tu, Mama. Nitapata gari lingine."

Nikawasha, na gari likawaka, likatulia.

Hilo ndilo lililonimaliza kabisa, mwanangu. Abiria wote wakasema "Eeeh!" kwa pamoja, kama wameona muujiza. Nami nikaondoka. Nilikuacha Busunzu kando ya barabara, nikakuona kwenye kioo ukiwa umesimama umeshika mikanda ya begi, na moyoni nilikuwa najiona nimethibitika. Naandika hilo kwa sababu ukweli usipokuwa mzima hautakusaidia. Nilisikia nafuu.

Tangu siku ile hukuniomba lifti tena. Ukasema magari yanakuchefua. Ulipokuja nyumbani ulikuja na magari ya watu, uliporudi ukarudi na ya watu, nami nikawa nasema kwa majirani, "Domi hapendi gari, anatapika." Tukakubaliana na huo uwongo wote wawili, kila mmoja kwa sababu zake.

Wewe ukaenda chuo cha uuguzi. Gari likaendelea kuzima hata bila wewe, nami nikatafuta sababu nyingine, mara petroli ya kwenye chupa, mara betri. Hadi siku nilipopeleka abiria Makere, likanizimikia kabisa kwenye njia ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Watu wakanisukuma hadi kwa fundi mmoja Mkongo, mtu mzima, wanamwita Papa Byamungu. Alikuwa amevaa koti la suti juu ya nguo za kazi. Hakuchukua bisibisi. Aliniuliza kwanza.

"Mama, inazimaka saa gani?"

Nikamwambia zaidi asubuhi, kukiwa na baridi, na nikisimama. Akafungua boneti, akalegeza klipu ya bomba kubwa la hewa linalotoka kwenye filta, akalivuta pembeni, kisha akaniita nisogee. Nikainama. Mle ndani kuna tundu la mviringo, na kwenye hilo tundu kuna kisahani kimesimama katikati, kimekaa kwenye ekseli nyembamba, kinafunguka na kufunga. Mafundi wetu wanaita throto. Yeye alikuwa na jina lake.

"Ona. Hii ni papiyo. Ni Kifaransa, kwa Kiswahili kipepeo. Ukikanyaga, inafungula mabawa, hewa inaingia. Ukiachilia, inafunga, inabakisha kanjia kadogo tu ka kupumulia. Sasa ona kale kanjia."

Hapakuwa na njia. Palikuwa na masizi meusi yamegandamana na mafuta, mazito, pembeni mwa kile kisahani pote. Vumbi letu la miaka ile kabla ya lami, filta niliyokuwa naipigapiga kwenye tairi badala ya kuibadilisha, moshi wa mafuta ya injini, vyote vilikuwa vimekaa pale.

"Asubui motere iko baridi," akaendelea, akigonga injini kwa kidole, "inaomba hewa mingi. Njia imezibika, inakufa. Ikisha kupata moto, inavumilia. Ukiwasha mara tatu, mara ine, inapata moto, inatulia. Ni hivyo tu."

Nikamwuliza, na sauti yangu niliisikia imekuwa ndogo, kama haiwezekani ikawa ni mtu. Kama haiwezekani mtu fulani akipanda, gari likazima.

Akanitazama. "Mutu gani?"

"Mtoto wangu. Alikuwa akipanda wa kwanza asubuhi linazima. Siku moja akashuka, likawaka."

Nilidhani atacheka, na afadhali angecheka. Alipangusa mikono kwenye koti lake zuri bila kufikiri, akasema, "Mama, hapa hakuna bulozi. Ni buchafu tu. Yule mutoto, uliisha kumwambia?"

Nikasema yuko chuoni. Akasema, "Sikuuliza iko wapi."

Domi, nilikaa kwenye tairi kuukuu pale kwake nikalia mbele ya mtu nisiyemjua. Na yeye akaniacha nilie, akafanya kazi. Baadaye akaninyanyua na kunipa kitambaa, akasema nisafishe mwenyewe ili nijue. Ndivyo nilivyojifunza, na ndivyo nitakavyokufundisha kesho asubuhi kabla hujaondoka, lakini nakuandikia hapa pia kwa sababu najua kesho nitakuwa naongea ovyo.

Zima gari, liache lipoe. Legeza klipu, toa bomba la hewa, likague kama halina ufa. Kuna ile dawa ya kopo ya kusafishia kabureta, nimekuwekea mbili. Pulizia kwenye kitambaa laini kisichotoa nyuzi, usipulizie hovyo ndani, ndani kuna vitu vya umeme visivyopenda kulowa. Kipepeo usikisukume kwa kidole. Gari letu ni la zamani, lina waya wa mafuta, kwa hiyo vuta ule waya taratibu kwa mkono mmoja kifunguke chenyewe, na kwa mkono mwingine pangusa ukingo, mbele na nyuma, na ukuta wa tundu lote. Pale penye masizi magumu tumia mswaki wa zamani. Mimi mara ya pili nilikuwa na haraka nikatumia kisu, nikachubua, na ule mchubuko bado upo utauona. Usiogope kitambaa kikiwa cheusi. Badilisha kingine, endelea hadi kitoke safi. Ukimaliza rudisha bomba, kaza klipu, washa. Litakohoa kidogo na kutoa moshi kwa sababu ya dawa, kisha litatulia. Nyabibuye barabara ni ya vumbi, kwa hiyo usisubiri likuonye. Kila ukibadilisha oili mara mbili, fungua uangalie, na kwenye filta usiwe bahili.

Siku ile tulipomaliza, Papa Byamungu aliwasha, na gari likanguruma kama linataka kuruka. Nikashtuka, nikadhani nimeharibu. Yeye ndiye akacheka sasa. Akanionyesha ile parafujo. Kwa miaka yote fundi wangu alikuwa anaipandisha ili gari lisizime juu ya uchafu, na sasa uchafu umetoka, parafujo bado iko juu. Akairudisha, kidogo kidogo, mizunguko mingi, akisikiliza, hadi gari likapumua vizuri. Ilimchukua muda mrefu kuliko kusafisha kwenyewe.

Nilirudi Kibondo nikijua. Hiyo ndiyo miaka minne ninayokuambia. Nilijua kila ulipokuja likizo, nilijua ulipokataa kukaa kiti cha mbele, nilijua nilipokulazimisha kuchukua leseni ukaichukua kwa kunitii tu. Sikusema. Nilijiambia umeshasahau, nikikumbusha nitakuumiza bure. Nilikupikia, nikakununulia viatu, nikakusifu kwa watu, nikadhani hayo yataziba. Kumbe nilikuwa napandisha sailensa tu.

Kisha ukarudi kutoka kwenye mazoezi ya vitendo hospitalini, ukakaa pale jikoni unanisimulia vituko vya wodi ya wazazi. Ukasema kuna daktari anayeimba, ukasema kuna mama aliyejifungua huku anakutukana. Halafu ukasema, kwa kucheka vilevile, "Mimi Mama mgonjwa akiita huwa nasubiri mwenzangu aingie kwanza. Nikianza mimi, mambo yanaweza kuharibika. Wenzangu wameshanizoea." Nikageukia sufuria. Ugali ukaungua, ukanitania kwamba nimesahau kupika. Sikusahau kupika, mwanangu.

Kule unakokwenda hakuna mwenzako wa kuingia kwanza. Umesema mwenyewe, mkunga ni wewe tu. Mama wa watu atafika amebebwa kwenye pikipiki, maumivu yamemzidi, na wewe utasimama mlangoni unamtafuta mtu mwenye mguu mzuri. Hilo limeninyima raha tangu barua yako ya ajira ifike. Neno langu la Busunzu linaweza kumkuta mtoto wa mtu ambaye hajazaliwa bado.

Basi leo, ulipotoka tu kwenda kusukwa, nimevaa kitenge changu kizuri nikaenda stendi. Neno nililisema mbele za watu, nikaona siwezi kulifuta kwenye karatasi peke yake. Nikawaomba madereva wanisikilize. Nikasema, "Miaka ya nyuma nilimwambia mwanangu ana umwaku, mbele ya abiria. Nilisema uwongo. Gari lilikuwa chafu na mimi nilikuwa na kiburi."

Wengi walikuwa vijana, hata hawajui habari yenyewe. Mmoja akasema, "Mama, hiyo ishapita, wewe kausha tu," mwingine akaniuliza kama naondoka na abiria au vipi. Nilisimama pale nimejiaibisha kwa watu ambao hawana habari. Utacheka ukisoma, na nakuruhusu ucheke.

Lakini Mzee Shabani alikuwa amekaa mbele ya duka lake. Alingoja hadi wote wakatawanyika. Kisha akanivutia kiti.

"Kwa hiyo ni throto tu?"

"Masizi, Mzee. Masizi tu."

Akasema, "Mimi ndiye niliyekutia yale maneno."

"Maneno yalikuwa yako, Mzee wangu, mdomo ulikuwa wangu. Wewe hukuwa Busunzu."

Akavua kofia akaitazama ndani kama imeandikwa kitu. "Kesho anapita hapa?"

Nikasema unapita, unaondoka asubuhi mapema.

"Basi mwambie sitafungua duka hadi apite. Mwambie aingie yeye kwanza. Nitamsubiri."

Wewe unamjua Mzee Shabani, unajua mtu yule anavyouogopa mguu wa kwanza wa asubuhi. Kuna siku alimrudisha afisa mzima mlangoni asubiri mpaka mteja mwingine aanze. Sijawahi kumsikia akimwambia mtu yeyote maneno hayo. Si lazima uende, Domi. Ukisema hutaki nitakuelewa, nitamwambia mwenyewe. Lakini amesema, na mimi nakufikishia.

Nimekosa, mwanangu. Sitaki kulipamba. Sikukosea kwa kutojua habari za kipepeo, hilo hata madereva wa miaka ishirini hawalijui. Nilikosa kwa kuona afadhali uwe na mkosi wewe kuliko nionekane sijui mimi. Ulikuwa mtoto wangu wa pekee, ulikuwa unakimbia kwenye baridi ili ukae karibu nami kiti cha mbele, na nikakufanya uone kwamba ukaribu wako unaharibu vitu. Nisamehe ukiweza. Usipoweza leo, nitangoja, ukiwa umekasirika piga simu ukiwa umekasirika hivyohivyo, nitapokea.

Nakupenda kuliko ninavyojua kusema. Ulizaliwa asubuhi ya baridi kama hizo, unajua? Mkunga aliyekupokea alikuwa msichana mgeni, ndiyo kwanza amefika, mikono inamtetemeka nikaiona. Nilikuwa nimeshachoka, nimekata tamaa, na hakuna mwingine aliyekuwepo zamu ile. Hakuuliza nani aanze. Aliingia tu, akasema, "Mama, nipo." Sikujua jina lake na sijamwona tena.

Mama wa watu atakapokuita kule Nyabibuye, usigeuke kumtafuta mtu mwingine. Ingia, umwambie upo.

Mama yako,
Veronika